Mishokishoki tisa, mitano dume: kumbukumbu ya shamba letu Pemba

Januari 2024, kaskazi

Leo ni siku ya 26 tangu nilipobebesha mishokishoki, yaani kupachika macho (vichipukizi vilivyolala kwenye gome) ya mti unaozaa kwenye mingine, na asubuhi nimefungua utepe wa mwisho. Kati ya macho 20, 11 yako hai. Nilikwangua kila moja kidogo sana pembeni kwa ukucha: likitoka kijani limeshika, likitoka kahawia limekufa. Mwaka juzi nilipojaribu kwenye miche ya vifukoni nilipata 2 kati ya 15, kwa hiyo leo nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: shamba letu ni la eka tatu, upande wa Wete. Babu alilipata katika ugawaji wa ardhi baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni shamba la mikarafuu, kama mengi ya Pemba. Lakini Bibi alikuwa na kawaida yake. Kila mkarafuu ulipokufa ukaacha pengo, yeye alichomeka mti wa tunda. Ndiyo maana tuna mdoriani mmoja mrefu kuliko kila kitu shambani, mishelisheli mitatu, mbirimbi nyuma ya jiko, mstafeli, mbungo uliopanda mwembe mpaka ukitazama juu hujui jani lipi la nani, na mshokishoki mmoja kando ya kisima. Kazi niliyojipa ni kuhakikisha kila mti wa Bibi una mrithi wake ardhini wakati Bibi mwenyewe angali hai wa kutuelekeza. Nimeona mibungo ikikatwa mashamba ya jirani kwa kuwa inaelemea miembe, na haipandwi mingine. Ukitaka juisi ya mabungo sasa unaulizia kwa watu.

Kazi kubwa imekuwa kwenye shokishoki, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Mwaka 2016 nilikula shokishoki za mti wa kisimani, nikachagua mbegu za tunda kubwa na tamu, nikaziosha, nikazipanda kesho yake. Hapo nilifanya sawa, maana mbegu ya shokishoki haihifadhiki. Ukiiacha ikakauka siku chache tu imekufa. Miche tisa ilitoka, nikaipanda yote. Niliamini mbegu ya mti mzuri itatoa mti mzuri. Nilimwagilia kila kiangazi na kutandaza majani makavu shinani, kwa miaka sita.

Ilipochanua mwaka 2022 nilimwita ami yangu aje aone. Ua la shokishoki ni dogo, rangi ya kijani hafifu inayoelekea weupe, halina petali, na yanakaa kwa mamia kwenye shada. Ami alivunja kijitawi, akakiweka kiganjani, akanipa lenzi yake ya kusomea. "Tazama katikati," akasema. Katika miti minne, kila ua lilikuwa na kitu kama kidole kidogo katikati, na ncha yake imegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka. Hapo ndipo tunda linapoanzia. Katika mitano iliyobaki palikuwa na nyuzi za chavua tu, katikati patupu. Mitano ilikuwa dume. Ingechanua kila mwaka, nyuki wangejaa, na isingetoa hata tunda moja.

Baadaye nilisoma kuwa ndivyo shokishoki ya mbegu ilivyo: karibu nusu ya miche huweza kuwa dume, na huwezi kuijua mpaka ichanue. Wakulima wa Malaysia na Thailand wanaolima kwa biashara hawapandi mbegu wakangoja. Wanabebesha jicho la mti wanaoujua, na mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka miwili mitatu hivi.

Nilitaka kuing'oa yote mitano. Nilimweleza Bibi jioni, akiwa barazani anachambua makonyo ya karafuu. Hakuinua hata kichwa. "Mjukuu wangu, dume moja uliache."

Nikamwambia, Bibi, mti usiozaa unakula ardhi bure. Akanikumbusha habari ya jirani yetu wa upande wa bondeni. Alikuwa na mshokishoki mkubwa uliochanua kila mwaka bila kuzaa, akaukata kwa kuni. Mwaka uliofuata, na miaka yote baada ya hapo, mti wetu wa kisimani ulipunguza matunda, na mengi yakawa madogo yasiyo na nyama. Kijijini watu walisema mti umezeeka, lakini Bibi hakukubali.

Nimelifuatilia jambo hili na nimeona Bibi alikuwa na haki. Maua ya mshokishoki unaozaa yana sehemu za kiume pia, lakini mara nyingi hazifunguki vizuri na chavua yake ni kidogo. Dume likiwa karibu, nyuki wanalileta lile linalokosekana. Wapo wakulima wanaobebesha tawi moja la dume katikati ya miti inayozaa kwa sababu hiyohiyo. Bibi hajawahi kutazama ua kwa lenzi. Alihesabu vikapu vya matunda, mwaka baada ya mwaka.

Basi Juni 2023 nilikata midume minne kwa kimo cha kiuno, nikaacha mmoja, ule ulio karibu zaidi na kisima. Visiki vilitoa machipukizi mengi. Nikabakisha matano kwa kila kisiki na kuyaacha mpaka yafikie unene wa penseli.

Kubebesha kwenyewe kulifanyika katikati ya Desemba, alfajiri, kabla jua halijawa kali. Wiki mbili kabla nilikata majani ya matawi niliyoyachagua kwenye mti wa kisimani, nikaacha vikonyo tu. Vilipodondoka vyenyewe macho yalikuwa yamevimba. Kwenye chipukizi unachora kidirisha kwenye gome kwa kisu kikali, upana kama ukucha wa kidole gumba, urefu mara mbili yake, unalikunjua gome lishuke kama pazia. Chini yake kuna utelezi, na huo utelezi usiguswe kwa kidole. Unabandua jicho na gome lake kwa kipimo kilekile, unaliweka, unafunga kwa utepe wa plastiki kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia mwenzake kama mapaa ya makuti, ili maji ya mvua yasipenye. Mwaka juzi nilifunga kutoka juu kwenda chini. Nadhani ndiyo sababu kubwa ya yale 13 kuoza.

Kwingine shambani habari ni mchanganyiko. Miche saba ya doriani niliyoiotesha mwaka jana, mitano imekufa. Niliiweka bondeni penye udongo mzuri mweusi, na mvua za El Niño za vuli zikasimamisha maji pale kwa siku nyingi. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa imeoza na gome la shinani limekuwa laini na jeusi. Miwili niliyoipanda juu ya tuta imepona. Doriani haivumilii kusimama majini, na mwaka huu yote itapanda juu. Matunda ya mti mkubwa yameanza kudondoka usiku, tunayaokota alfajiri, na mbegu zinaingia vifukoni siku hiyohiyo.

Mashelisheli yanakwenda vizuri. Ya kwetu hayana mbegu, kwa hiyo mrithi anatoka mizizini. Bibi alinionyesha: fukua mzizi ulio karibu na uso wa ardhi, ujeruhi kwa panga bila kuukata, ufunike kwa udongo kidogo, ungoje. Nilifanya mitatu mwezi Julai, miwili imechipua na sasa inanifika magotini. Popo wameshaonja matunda ya mti mama, na sitaki ugomvi nao. Popo huyu mkubwa wa Pemba hapatikani kwingine duniani, na miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kabisa kabla watu wa vijiji kama vya Kidike hawajaanza kumlinda. Tunachuma ya chini, ya kileleni tunamwachia.

Jana jioni Bibi aliomba apelekwe akaone macho. Tulikwenda polepole, mimi na mke wangu tukimshika mikono. Aliinama kwenye kisiki cha kwanza, akaligusa jicho moja lililokwisha kutoa ncha nyekundu. Kisha akaulizia dume lake, nikamwonyesha.

Wiki ijayo nitaanza kukata vilele vya machipukizi juu ya macho yaliyoshika, nusu kwanza, nusu baada ya siku kumi, ili mti usishtuke. Yale tisa yaliyokufa ami ameshauri tuyarudie masika yakishapita, upande wa pili wa chipukizi lilelile.