Nilivyochagua propela ya mapanga yanayogeuka

Kutoka Mkoani, Pemba, kurudi Nungwi, Unguja, ni kama maili 30 za baharini, na msimu wa kusi safari hiyo inachosha. Upepo unakujia karibu na omo, yaani mbele ya boti, mkondo unakusukuma kaskazini, huna budi kupiga bisho, kwenda upande upande dhidi ya upepo. Boti yangu ni ya faiba, futi 36, niliinunua kwa Mfaransa aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na propela ya mapanga matatu yasiyocheza. Ukitweka tanga, unaiburura kama ndoo. Nikiacha gia nyutro, shafti, chuma kinachoshika propela, inazunguka safari nzima, giaboksi inanguruma. Nikiifunga shafti, mwendo unakufa.

Kwanza nilitamani ile ya mapanga yanayokunjika kama mwavuli, maana ni nafuu. Iliyonibadilisha mawazo ni bandari ya Malindi, mjini Unguja. Pale majahazi na boti zimebanana, ukitia rivasi unataka jibu papo hapo. Mapanga ya kukunjika hufunguliwa na kasi ya mzunguko, na ukirudi nyuma msukumo wenyewe unataka kuyafunga. Haya yanayogeuka, kila panga linajigeuza kwenye shina lake: ukiwa tangani linalala sambamba na maji, ukitia rivasi linageuka lote, makali yaleyale yakatangulia. Kwenda mbele kwa injini hayaifikii propela ya kawaida, kwa kuwa ni bapa, hayana msokoto. Nikaikubali hasara hiyo. Mimi injini naitaka ya kuingilia bandarini tu.

Kazi ilikuwa kupima. Nikasubiri bamvu, siku za maji makubwa, maji yakapwa, boti nikaitia magadi, miti ya kuiegemeza, mchangani. Ami yangu, fundi wa majahazi, akaja kutazama. Karatasini nilishaandika: shafti inchi moja, mzunguko wa kushoto.

"Ulisimama wapi ulipoitazama inazunguka?"

"Ndani, ami, mbele ya injini, nimeelekea tezi, nyuma ya boti."

"Basi umeisoma kinyume. Mzunguko unatazamwa kutoka tezi, uso omo."

Kumbe wa kulia. Akaniazima na kalipa yake. Shafti milimita 25 kamili, boti ya Kifaransa bwana, na inchi moja ni milimita 25.4. Propela ingekuja kucheza tu pale. Tukapima na nafasi baina ya ncha ya panga na tumbo la boti, maana muuzaji hakutaka ipungue sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha propela.

Ilifika baada ya miezi kadhaa, kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa yote mpaka leo.

Siku ya kwanza nje ya Nungwi nikazima injini kwa mazoea, gia nyutro, nikatweka. Hola! Shafti inazunguka vilevile, na maadamu inazunguka, mapanga hayalali. Siku hizi naizima ikiwa kwenye gia ya mbele, boti ingali na mwendo, kisha natega sikio sakafuni mpaka kuwe kimya.

Kwenye bisho mwendo umeongezeka kama nusu fundo, na boti inapanda joshi, upande unakotoka upepo, bila kulalamika. Grisi naitia kila nikiikausha. Kinachonila pesa ni zinki, kile kipande cha madini kinacholiwa na maji ya chumvi badala ya propela: niliyoifunga Januari, kufika Mei ilibaki kama kipande cha mwisho cha sabuni. Nimeagiza tatu kwa mpigo.