Dola 45 za kuangalia tu

Jumamosi nimetoka kwa fundi wa vyombo vya muziki na hasira mpaka nikapitiliza kituo changu cha basi. Nilimpelekea banjo ya kibuyu, chombo cha nyuzi chenye tumbo lililowambwa ngozi kama ngoma; ngozi imechanika. Akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akasema ngozi ya mbuzi pamoja na kuiwamba ni dola 160. Nikisema naondoka nayo, nimwachie 45 za kuangalia. Za kuangalia! Waliozoea mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, wajumlishe wenyewe: hapo mbuzi mzima anatembea. Na wewe unayejiandaa kuja Marekani, shika hili: huku usimkabidhi mtu kitu kabla hajakutajia bei ya kukishika.

Banjo yenyewe sikuinunua. Huu ni mwaka wa sita niko North Carolina, nalea wazee, zamu ya usiku. Kulikuwa na bibi mmoja Mmarekani mweusi, kusema alishaacha. Nikiwa namgeuza huku naimba za kwetu kwa sauti ya chini, kidole gumba chake kilikuwa kinagonga ukingo wa kitanda, si pamoja na mimi, kinachelewa kidogo, kinaingia katikati. Alipofariki mwanawe akaniletea banjo yake. "Ichukue, hiki chombo kimetoka kwenu."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Lakini kwetu wapi? Mimi Mgogo wa Mpwapwa. Ndugu wa banjo wako Afrika Magharibi. Wajola wa Gambia na Senegal wana akonting: kibuyu, ngozi, nyuzi tatu. Banjul, mji mkuu wa Gambia, mimi siijui hata uwanja wake wa ndege.

Sasa sikia upande wa pili. Nimekwenda mahali wapiga banjo wanapokutana kupiga Jumapili, mzee mmoja wa Kizungu akanipigapiga bega: amefurahi kuona mgeni anapenda "muziki wetu." Wenu? Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, mwenye watumwa wake mwenyewe, aliandika miaka ya 1780 kwamba watu weusi walikuja na chombo hicho kutoka Afrika. Baadaye Wazungu wakajipaka masizi usoni, wakakipandisha jukwaani kuwacheka wenyewe waliokuja nacho. Ndiyo maana watu weusi wengi walikuja kukikimbia, na wajukuu wao leo wanadhani ni cha wakulima Wazungu wa milimani.

Si wote waliokimbia. Mebane, nusu saa kutoka ninapokaa ukipata lifti, aliishi mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi aliyerithi nyimbo kutoka kwa baba yake. Mwaka 2005 wapiga banjo weusi walikutana Boone, huko milimani, na humo wakafahamiana Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Wakawa wanakwenda kwa mzee huyo kila wiki, wanakaa, wanapiga naye. Wakaunda kundi la Carolina Chocolate Drops, na Grammy wakachukua. Mzee alifariki 2012. Mimi nilikuwa bado Dodoma nauza vocha.

Ragtime, muziki wa watu weusi wa mwisho wa karne ya 19 unaojulikana zaidi kwa piano, nayo imo humohumo. Mama yake Scott Joplin, mtunzi wake maarufu, alikuwa mpiga banjo. "Maple Leaf Rag" ya 1899 mwanawe aliuza kwa mkataba wa senti moja kila nakala ya nota. Dola 45 za yule fundi ni nakala 4,500. Mwenye bando asinunue kitu: Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka bure mtandaoni maelfu ya santuri za zamani za umbo la mkebe, zikiwemo za nta. Mtafute Vess Ossman, mpiga banjo wa zama hizo, Mzungu, ndiyo, lakini msikilize. Mashine za wakati ule zilidaka mlio mkali wa banjo vizuri kuliko piano, ndiyo maana ragtime nyingi ya kale imebaki kwenye nyuzi.

Mtindo wa zamani wa kupiga banjo ni huu: ukucha wa kidole cha shahada unapiga kwenda chini, halafu kidole gumba kinadokoa ule uzi mfupi wa juu. Wajola nao hupiga hivyo hivyo. Nilipofundishwa nikasimamisha mkono hewani. Kile kidole cha yule bibi kitandani kilikuwa kinapiga banjo.

Nikaenda bucha ya halali, nikapewa ngozi ya mbuzi bure, walikuwa wanaitupa. Siku tatu imelowa kwenye beseni la kuogea. Mkenya ninayepanga naye ametishia kuhama. Nimeiwamba kwa misumari midogo, nikampigia mama simu ya video.

"Mwanaume na ngoma wapi na wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Kwetu ngoma ya muheme anayeibana mapajani ni mwanamke, na bibi mzaa mama alikuwa bingwa wake.

Julai huku ni unyevu mtupu, ngozi ilikuwa imelegea. Nikapiga. Mama akasogeza sikio.

"Bado hiyo, mwanangu. Ipeleke motoni."

Nikawasha jiko.