Asubuhi Sukari Ilikuwa Sawa: Kisukari Baada ya Kupandikizwa Figo

Mtu ambaye hajawahi kukaukiwa mkojo hawezi kuelewa furaha ya kuamka usiku mara 3 kwenda msalani. Kwa miaka 4 nilisafishwa damu kwa mashine, na muda wote huo maji yangu ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Baada ya kupandikizwa figo aliyonitolea dada yangu, niliambiwa ninywe lita 2 hadi 3 kwa siku. Nilikunywa kwa furaha na kukojoa kwa furaha zaidi, na kila nilipotoka msalani nilijisemea kwamba figo ya dada inafanya kazi.

Ndiyo maana sikushtuka ilipofika wiki ya 6 nikawa naamka mara 5, mdomo umekauka hata baada ya kumaliza chupa nzima ya maji. Njaa nayo ilikuwa haina mwisho, lakini nilishaambiwa kwamba vidonge vya prednisoloni, mojawapo ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, huongeza hamu ya kula. Uchovu niliuhesabu kuwa wa upasuaji. Macho yalipoanza kuona ukungu jioni, nilidhani ninahitaji miwani mipya. Kwa kila dalili ya kisukari nilikuwa na jibu tayari, na majibu hayo yote yalikuwa na mantiki, jambo ambalo lilinichelewesha kuliko ujinga wa kawaida.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho sikukitambua hadi baadaye. Siku za kliniki nilitolewa damu asubuhi na mapema kabla ya kumeza takrolimasi, dawa nyingine ya kuilinda figo mpya isikataliwe, kwa sababu kiwango cha dawa hiyo hupimwa kikiwa chini kabisa, yaani saa 12 baada ya dozi iliyotangulia. Katika damu hiyohiyo walipima kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi), chumvi za mwili na sukari. Nilikuwa sijala tangu usiku, na majibu yangu ya sukari, kwa milimoli kwa lita, yalikuwa 5.8, 6.1, mara moja 6.4, namba ambazo hazikumshtua mtu yeyote. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea. Ni saa tu za kupima ndizo zilizokuwa zinanificha.

Siku moja miadi yangu ilisogezwa hadi saa 9 alasiri. Muuguzi aliponiona nikimaliza chupa ya pili ya maji nikiwa nimekaa kwenye benchi, aliniuliza, "Kaka, hii kiu ni ya kila siku?" Nilipoanza kumweleza habari ya lita 3, alishachukua kidole changu na kukichoma. Kipimo kilisoma 16.4. Alinawisha mkono wangu kwa sabuni, akaukausha, akachoma kidole kingine, kikasoma 16.1. Siku 2 zilizofuata nilipimwa tena mchana, na mara zote sukari ilipita 11.1, ambacho ndicho kiwango kinachothibitisha kisukari kwa mtu mwenye dalili. Nilipouliza kuhusu kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, daktari alinieleza kwamba kwa mtu aliyetoka kupandikizwa hakiaminiki sana, kwani nilikuwa nimepungukiwa damu, nikaongezewa damu wakati wa upasuaji, na chembe nyingi nyekundu zilikuwa bado changa.

Maelezo ya chanzo niliyoyapata siku hiyo yaliniuma. Prednisoloni hulifanya ini litoe sukari zaidi na huifanya insulini isishike vizuri. Ikimezwa asubuhi, nguvu yake juu ya sukari huonekana zaidi mchana na jioni, halafu hupungua usiku kucha. Takrolimasi kwa upande wake hupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini. Tena figo nzima huiondoa insulini mwilini kwa kasi kuliko figo zilizokufa, kwa hiyo mahitaji ya mwili huongezeka. Ukijumlisha na baba yangu aliyekuwa na kisukari, ilikuwa kama kuni zilizokuwa zinasubiri kiberiti.

Usiku ule niliweka vidonge mezani na kuvitazama kwa muda mrefu. Nakiri kwamba niliwaza kupunguza takrolimasi kwa siri, hata nusu ya dozi tu. Kilichonizuia si hekima. Ni picha ya dada yangu akishika ubavu wake alipojaribu kucheka siku ya tatu baada ya upasuaji. Asubuhi nilimweleza daktari wazo langu waziwazi. Hakunikaripia. Alisema dozi hizo zitashushwa kwa mpango kadiri miezi inavyokwenda, na kwamba kisukari kina dawa nyingi, ilhali figo ikikataliwa na mwili inaweza isirudi.

Nilianzishiwa insulini ya kazi ya wastani, sindano moja asubuhi pamoja na prednisoloni, ili zipande na kushuka pamoja. Metformini, vidonge vya kisukari, ilisubiri kwanza kreatinini itulie. Mimi nikachora daftari upya: badala ya safu moja ya asubuhi, nikaweka safu 4, na safu ya saa 11 jioni nikaizungushia wino mwekundu. Baada ya wiki 2 sura ya siku ilionekana wazi: 6 asubuhi, 9 mchana, 13 jioni. Daktari alisema daftari hilo lilimsaidia kupanga dozi kuliko majibu ya maabara, nami nilijivuna kidogo.

Chakula ndicho kilichonivuruga zaidi. Kwa miaka ya mashine nilifundishwa kuogopa maharagwe, nafaka zisizokobolewa na matunda mengi kwa ajili ya potasiamu na fosforasi, nikazoea wanga mweupe uliokobolewa. Sasa mtaalamu wa lishe aliniambia kinyume chake, ila nisikimbilie, maana takrolimasi nayo huweza kupandisha potasiamu. Tukakubaliana nirudishe aina moja ya chakula kwa wakati, na kila mara tuangalie damu kabla ya kuongeza nyingine. Wanga nikaupunguza zaidi mlo wa mchana na wa jioni, saa ambazo prednisoloni ilikuwa na nguvu, na baada ya mlo wa mchana nikatembea dakika 20. Balungi lilibaki marufuku kabisa, si kwa sukari yake bali kwa kuwa hupandisha takrolimasi katika damu.

Mtihani mgumu ulikuja kwenye mikono. Takrolimasi hutetemesha vidole, na sukari ikishuka vidole hutetemeka vilevile. Mara ya kwanza nilipotetemeka nilibugia sukari kwa hofu, kisha nikapima nikakuta 9.8. Niliaibika, nikajifunza kupuuza mitetemo, na hilo likawa kosa langu la pili. Prednisoloni iliposhushwa kutoka miligramu 10 hadi 5, insulini yangu ilipaswa kushuka nayo, lakini nilisahau kupiga simu kuuliza. Siku ya tatu jioni nilitetemeka nikiwa natafuta ufunguo mfukoni, nikasema ni dawa tu. Ndipo nikahisi jasho baridi mgongoni, na ufunguo ukagoma kuingia kwenye tundu. Kipimo kilisoma 3.1. Nilikoroga gramu 15 hivi za sukari kwenye maji, nikanywa, nikakaa sakafuni dakika 15, nikapima tena: 4.6. Tangu jioni ile sibahatishi. Mkono ukitetemeka, ninapima kwanza, na glukomita hukaa mfuko uleule wa ufunguo.

Sasa ni mwezi wa 14. Insulini ilishuka kidogo kidogo hadi ikaachwa, nikahamishiwa linagliptini, kidonge kimoja cha miligramu 5 ambacho dozi yake haibadilishwi kwa ajili ya figo. Kreatinini imetulia. Nyayo zangu nazikagua kila usiku, kwani kinga yangu iko chini kwa dawa na sukari haiisaidii. Dada yangu huniuliza namba ya jioni kila tunapozungumza. Jana ilikuwa 7.9.