Nilivyopima chuma cha nyota kongwe HD 140283

Wiki mbili nzima nilidhani nimepakua faili la nyota nyingine. Nilikuwa natafuta mistari mitatu ya magnesiamu kwenye spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa rangi zake, ambamo kila elementi huacha mistari yake myeusi, ya HD 140283, nyota kongwe iliyo upande wa kundi la Mizani, umbali wa miaka ya nuru kama 200. Mmojawapo ulitakiwa uwe kwenye nanomita 518.36. Pale palikuwa peupe.

Nikachapisha grafu, nikachukua rula. Kumbe mistari yote mitatu ipo, ila imehama pamoja: wa kwanza na wa pili imekaribiana, wa tatu umejitenga mara mbili ya hapo, kama inavyopaswa. Nyota hii inatujia kwa kasi ya kilomita 170 hivi kwa sekunde, na mwendo huo huisukuma mistari upande wa buluu, karibu nanomita 0.3. Nilipoirudisha, kila kitu kikakaa mahali pake. Nikaiweka chini ya spektra ya Jua. Jua limejaa mistari ya chuma kama meno ya chanuo. Hapa ni mmoja mmoja, tena myembamba. Nilikaa naitazama muda mrefu. Chuma hupikwa ndani ya nyota na kutawanywa zinapolipuka, na hii ilizaliwa wakati kilikuwa bado hakijapikwa kingi.

Kukihesabu ndiko kulikonitoa jasho. Unapima ukubwa wa kila mstari, kisha unaipa programu joto la uso wa nyota na mvutano wake. Mimi niliweka mvutano wa Jua, na matokeo yakagongana: atomi za chuma zilizopoteza elektroni moja zilinipa kiasi kikubwa kuliko zile kamili. Nyota moja haiwezi kuwa na majibu mawili! Nilichosahau ni kwamba imeshaanza kuvimba uzeeni, na nyota ikivimba mvutano wa usoni pake hupungua. Nikakokotoa upya ukubwa wake kwa umbali uliopimwa na chombo cha angani cha Gaia, mvutano ukashuka hadi kama sehemu moja ya sita ya ule wa Jua, na pande mbili zikakubaliana: chuma takriban 1/250 ya kile cha Jua.

Wanaastronomia Joseph Chamberlain na Lawrence Aller walionyesha upungufu huo mwaka 1951, enzi ambazo wengi waliamini nyota zote zimeumbwa kwa mchanganyiko uleule.

Sasa nimehamia kwenye mstari wa elementi nyingine, bariamu, nanomita 455.4. Mstari ni hafifu, na watafiti wamebishana juu yake miaka mingi.