Namna nilivyojifunza kuandika sifuri kwenye diko la pweza

Niliposhika kazi ya kukusanya takwimu za pweza kwa ajili ya shirika moja la hisani linalofanya utafiti wa bahari, katika diko la kijijini kwetu kusini mwa Pemba, pale wavuvi wanapoteremshia walichovua, nilidhani mzani na kalamu vingetosha. Mwezi wa kwanza nilijaza fomu nyingi kwa mwandiko mzuri, na karibu zote hazikufaa kitu.

Kijiji kilikuwa kimekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, kisha kuufungua. Mtindo huu ulipata sifa kutoka Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako mwaka 2004 shirika la Blue Ventures la Uingereza na wavuvi wa Kivezo walifunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi saba. Pweza wa mwambani anaufaa mpango wa namna hii kwa sababu hukua upesi sana na umri wake ni mfupi, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake pangoni hadi yaanguliwe. Lakini kamati ya wavuvi haiwezi kusema kwamba kufunga kumeleta faida mpaka ijue mvuvi mmoja alipata kilo ngapi kwa saa ngapi, kabla na baada.

Kupima pweza mwenyewe nilikuzoea mapema. Dume nilimtambua kwa mnyiri wa tatu wa kulia: ukiufuata kwa kidole kutoka kichwani, vikombe vya kunatia huisha kabla ya kufika nchani, na pembeni pana kijifereji chembamba. Shida ilikuwa kwamba pweza wengine walikwisha kutolewa matumbo hukohuko baharini, nami niliwachanganya na wazima katika safu moja ya uzito. Hilo nililirekebisha kwa kuongeza safu moja tu kwenye fomu.

Kosa kubwa sikuliona mimi; lilionwa na mtafiti aliyekuja kukagua. Alipekua karatasi zote, kisha akaniuliza: "Dada, hapa kwenu hakuna mtu anayerudi mikono mitupu?" Nilinyamaza. Nilikuwa nakaa karibu na mzani wa mchuuzi, na anayefika kwenye mzani ni yule aliyepata. Waliokosa, na wengi wao ni kina mama wanaochokoa kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, walikata njia ya mikokoni moja kwa moja hadi majumbani. Kwa hiyo takwimu zangu zilionyesha mwamba wenye neema hata siku ambazo nusu ya watu walikosa kitoweo.

Nilihama kwenye mzani. Siku za bamvua nilianza kukaa pale njia inapoingia ufukweni, maji yakianza kutoka, nikiandika kila aingiaye, saa yake, chombo alichoshika na mwamba anaoelekea. Maji yakijaa nilibaki palepale hadi wa mwisho arudi. Mchuuzi alikubali kuniwekea pweza wa watu mbalimbali bila kuwachanganya mpaka nifike, ingawa alinung'unika, na sikumlaumu, kwa kuwa barafu yake ilikuwa ikiyeyuka.

Kina mama ndio walionipa kazi zaidi. Kumuuliza mtu mbele ya wenzake kwamba amepata ngapi, hali kapu lake ni jepesi, ni kama kumwaibisha, nami nilikuwa nikiuliza kwa sauti ya karani. Bibi mmoja jirani yetu alinijibu, "Mjukuu wangu, sifuri nayo huandikwa?" Nilikaa naye mchangani nikamwonyesha: tukiandika wenye pweza tu, siku mwamba utakapofunguliwa hakuna atakayeona tofauti, na watakaobisha watapata hoja. Tangu hapo akawa hapiti bila kusimama. "Niandikie sifuri yangu," husema, "na saa nne za jua uziandike."

Wanaoingia usiku na kurunzi bado sijawaweza, wala wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi mbali na kwao, wanaouza pweza wao moja kwa moja kwa mashua ya mnunuzi. Safu zao nimeziacha wazi, na pembeni nimeandika sababu, ili asije mtu akazisoma kama sifuri.