Usipake rangi uso wa saa ya zamani

Jamani ukirithi saa ya Omega Seamaster ya babu usikimbilie kuipaka rangi uso mpya, ule ukahawia umekuja wenyewe kwa miaka na ndo thamani yake, ukishafutwa haurudi. Mi napenda za kabla ya 1969, mwaka Seiko wa Japani walipotoa saa ya Astron ya kwatzi, ile ya betri, na baadae watengeneza saa wa Uswisi wakayumba kweli. Nyingi za enzi hizo zinapiga mara 18,000 kwa saa, yaani tano kila sekunde, springi na vigurudumu tu, we iweke sikioni usikie raha yake! Ila unyevu wa Dar ni adui, raba za kuzuia maji zikishakauka maji yanapenya na mashine inashika kutu, kwahiyo usiogelee nayo Kigamboni hata siku moja.