Nilivyochagua kompyuta ya kuzamia kwa bajeti ndogo

Kabla ya kulinganisha bei niliandika kwanza mambo ambayo mzamiaji hawezi kuyakosa akiwa chini ya maji: kina alichopo, muda tangu aliposhuka, dakika zilizobaki kabla ya kulazimika kusimama njiani ili naitrojeni itoke mwilini, na kasi ya kupanda. Kompyuta za kuzamia za bei ya chini hutoa hayo yote manne. Kwa hiyo pesa ya ziada inalipia mambo mengine, na huko ndiko nilikopunguza.

Nilianza kwa kukata transmita ya presha. Hufungwa kwenye tundu la presha ya juu la regyuleta (kifaa cha kupumulia kutoka mtungini) na kurusha kipimo cha mtungi hadi kwenye kompyuta iliyo mkononi. Mara nyingi huuzwa peke yake, ina betri yake, na mawasiliano huweza kukatika. Geji ya kawaida yenye mpira inafanya kazi ileile. Dira ya kielektroniki niliiacha pia, maana ya sindano haihitaji chaji. Skrini ya rangi inapendeza na husomeka vizuri gizani, lakini ile ya kijivu yenye tarakimu nene inatosha kwa kuzamia mchana na haili betri.

Mpangilio wa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, sikukubali kuukosa. Ukipumua mchanganyiko wenye oksijeni 32%, kina chako cha mwisho ni takribani mita 33 kwa kikomo cha presha ya oksijeni cha bar 1.4, na kompyuta isiyowekewa asilimia hiyo haitakuonya ukipita. Cressi Leonardo na Mares Puck Pro, zote za daraja la chini, zina mpangilio huo. Kasoro yao ni kitufe kimoja: ukipitiliza ulichokitaka kwenye menyu, unazunguka upya. Asilimia iwekwe nchi kavu, mtungi ukishapimwa.

Jambo linalowasumbua wengi ni ukali wa hesabu, yaani jinsi kompyuta inavyobana dakika za kukaa chini. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, la hewa ya kawaida linaruhusu dakika 56 kwa mita 18, na dakika 20 kwa mita 30. Kompyuta hutofautiana na jedwali, na hutofautiana zenyewe kwa zenyewe, hasa kwenye mzamio wa pili na wa tatu wa siku, kwa sababu kila kampuni hukadiria kwa njia yake naitrojeni iliyobaki mwilini. Ukiwa na iliyo kali kuliko ya wenzako, wewe ndiye utakayewapandisha wote mapema. Mimi sioni hilo kuwa hasara, ila ni vyema kulijua kabla ya kulipa. Shearwater Peregrine inakuachia uchague ukali mwenyewe kwa hesabu ya Bühlmann, njia mojawapo ya kukadiria naitrojeni mwilini, lakini bei yake iko mbali na hizo mbili. Uliza pia kompyuta inafanya nini ukiruka kituo cha lazima cha kutoa naitrojeni. Nyingi hujifunga kwa saa 24 au zaidi, zikabaki kuonyesha kina na muda tu.

Kilichoamua kwangu kilikuwa betri. Nilitaka inayobadilishwa na mwenye kompyuta, si ya kupelekwa kwa fundi. Puck Pro hutumia CR2450, na kifuniko hufunguka kwa sarafu. Hatari iko kwenye pete ya mpira inayozuia maji kuingia: unywele mmoja au chembe ya mchanga ikilala juu yake, maji ya chumvi yanapenya na saketi inaungua. Itoe bila kitu cha ncha kali, futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, weka pete mpya yenye grisi ya silikoni kiasi cha kuing'arisha tu, kisha funga bila kulazimisha. Baadhi ya kompyuta hufuta kumbukumbu ya naitrojeni betri ikitoka, kwa hiyo badilisha ukiwa umeshapumzika angalau siku nzima bila kuzamia.

Kompyuta iliyotumika inaweza kuwa nafuu nzuri, ila ikaguliwe. Ifungue uangalie kutu ya kijani kwenye chemchemi ya betri, maana hiyo ni dalili kwamba maji yaliwahi kuingia. Zenye vipande viwili vya chuma kwa nje hujiwasha zikigusa maji, kwa hiyo vishike kwa vidole vilivyolowa. Isipoamka, haitaanza kuhesabu yenyewe ukishuka. Tundu la kihisi cha kina likiziba kwa chumvi, vipimo hudanganya. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na usipulize hewa ya mtungi humo kamwe, kwani utando wake hupasuka. Kisha izamishwe pamoja na kompyuta nyingine inayoaminika, mkono mmoja. Zikipishana zaidi ya mita moja, au muuzaji akikataa jaribio hilo, naiacha.